Waya Umeshafungwa Mlimani, Mwongozaji wa Nini?

Kila ninapowaeleza marafiki hapa Nairobi kwamba nilifika kilele cha Lenana cha Mlima Kenya kwa njia ya chuma, nikiwa na mwongozaji niliyemlipa, swali linalofuata huwa ni lile lile. Ikiwa waya umeshafungwa kwenye mwamba, vipago vya kukanyagia vimeshapigiliwa, na kila mpandaji amejifunga kwenye waya huo kwa kamba zake mwenyewe, mwongozaji analipwa kwa kazi gani? Swali hilo ni la haki, na nimeamua kulijibu kwa urefu kwa sababu jibu lake linahusu uhai wa watu, na kwa sababu nawaona wapandaji wengi wa mjini wakitafuta mwongozaji wa Mlima Kenya kama wanaotafuta matatu ya kwenda Rongai, yaani anayetaja nauli ya chini ndiye anayechukuliwa.

Njia ya chuma, ambayo Waitaliano waliipa jina la via ferrata linalotumika sasa duniani kote, ni njia ya mlimani iliyowekewa waya mnene uliokazwa kwenye mwamba kwa vigingi vilivyoachana kwa mita chache. Mahali ambapo mwamba ni laini au umesimama wima, huongezwa vipago vya chuma au ngazi. Mpandaji huvaa mkanda wa kupandia kiunoni na mapajani, na kwenye mkanda huo hufunga kamba mbili fupi zenye karabina mwishoni, yaani pete za chuma zenye mlango wa kufunga, ambazo huzitia kwenye waya na kuzihamisha moja baada ya nyingine kila afikapo kwenye kigingi.

Asili ya njia hizi ni milima ya Alps. Mwaka 1843 mwanajiografia Friedrich Simony alisimamia kazi ya kupigilia vyuma kwenye mwamba wa Dachstein nchini Austria, na mwaka 1903 mgongo wa magharibi wa Marmolada, mlima mrefu kuliko yote ya Dolomites nchini Italia wenye mita 3,343, ukawekewa vyuma vyake. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya mwaka 1915 na 1917 majeshi ya Italia na Austria-Hungaria yalikabiliana juu ya vilele hivyo hivyo, na askari wakafunga ngazi, kamba na nyaya ili kupitisha watu, chakula na risasi mahali ambapo hata mbuzi angesita. Vita vilipokwisha, nyingi ya njia hizo zilikarabatiwa na kugeuzwa kuwa njia za wapenda milima.

Waongozaji walikuwako kabla ya vyuma hivyo na hawakuondoka vilipowekwa. Chama cha waongozaji wa Chamonix, Ufaransa, kilianzishwa mwaka 1821, mwaka mmoja baada ya maporomoko ya theluji kuwaua waongozaji watatu kwenye Mont Blanc. Upande wa pili wa mlima huo, huko Courmayeur nchini Italia, nako kulizuka kizazi cha waongozaji mashuhuri, na hapo historia yao inakutana na yetu. Mwanajiografia Mwingereza Halford Mackinder alipokuja kuupanda Mlima Kenya mwaka 1899 hakuja na ujasiri wake peke yake, bali alikuja na watu wawili wa Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel, na tarehe 13 Septemba mwaka huo wote watatu wakasimama juu ya Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu, mita 5,199. Zaidi ya miaka sitini baadaye, usiku wa kuamkia uhuru tarehe 12 Desemba 1963, mpanda milima Mkenya Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya kwenye kilele cha Lenana. Leo vijiji vya Naro Moru, Nanyuki na Chogoria vina familia ambazo ujuzi wa mlima umepita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto, sawa kabisa na ilivyokuwa Courmayeur, na sioni kwa nini ujuzi huo uthaminiwe huko na udharauliwe hapa.

Mwongozaji wetu ni mzee wa Naro Moru ambaye alianza akiwa mpagazi, akawa msaidizi, na baadaye akaanza kuongoza safari zake mwenyewe. Sitataja jina lake kwa kuwa hapendi mambo ya mtandaoni. Sisi tulimwita Mzee, naye akatuita kaka na dada. Tulikutana naye kwa mara ya kwanza kwenye hoteli moja karibu na River Road, siku aliyokuja Nairobi kwa shughuli zake, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshatuuliza maswali ambayo hakuna mwongozaji wa bei ya chini niliyezungumza naye aliyewahi kuyauliza. Nani ana shinikizo la damu? Nani hutumia dawa za pumu? Nani amewahi kulala juu ya mita elfu nne, na kichwa kilimfanyaje? Nani huogopa kutazama chini? Kisha akamgeukia kila mmoja wetu na kuuliza uzito wake, akaandika majibu kwenye daftari dogo la shule.

Mwenzetu mmoja, dada mwembamba ambaye hufanya kazi kwenye benki, alicheka na kuuliza kama anapimwa kwa ajili ya kubebwa. Mzee hakucheka. "La, dada," alimjibu. "Ni kwa sababu ya ile kamba. Kamba haimjui mtu mwepesi."

Maneno hayo yanahitaji kuelezwa, maana ndani yake mna nusu ya jibu la swali nililoanza nalo. Katika upandaji wa kawaida, mwenye kuanguka hushikwa na kamba ndefu inayonyumbuka. Kwenye njia ya chuma mambo ni tofauti. Karabina za anayeanguka huteleza kwenye waya mpaka zigonge kigingi kilicho chini yake, na hapo husimama ghafla. Kigingi kikiwa mita nne chini na kamba zake zikiwa na urefu wa mita moja, mtu huyo ataanguka mita tano au zaidi huku anayemshika akiwa ni kamba ya mita moja tu, na mshtuko wa namna hiyo unaweza kukata kamba, kuvunja karabina au kuuvunja mgongo wake. Kwa sababu hiyo kamba za njia ya chuma huwa na kifuko kidogo ambacho ndani yake mna mshipi mrefu uliokunjwa na kushonwa mara nyingi. Mtu akianguka, nyuzi za mshono huo huachia moja baada ya nyingine na kuumeza mshtuko. Lakini zimeshonwa kwa nguvu maalumu. Mtu mwepesi mno anaweza kuanguka bila mshono kuachia ipasavyo, akapokea mshtuko wote mwilini, na mtu mzito mno anaweza kuumaliza mshipi wote kabla hajasimama. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 958, kilichoboreshwa mwaka 2017, kinataka kamba hizo zipimwe kwa uzito wa kilo 40 hadi kilo 120, pamoja na vifaa. Kwa hiyo mwongozaji anapouliza uzito wako, anaamua kama kamba zako zinakutosha peke yake au itabidi akufunge na kamba ya pili inayoshikwa na mkono wake.

Baadaye alitaka tumtumie picha za kila kamba tuliyopanga kuitumia, hasa kitambulisho kidogo kilichoshonwa ubavuni chenye mwaka wa kutengenezwa. Seti mbili tulikuwa tumeazima. Moja aliikataa papo hapo kwa kuwa mikono yake, yaani zile kamba mbili fupi, ilikuwa ya kuvutika kama mpira tena imechakaa, na kitambulisho chake kilikuwa kimefutika. Hakuwa anatutisha. Mwezi Agosti 2012, huko Tirol nchini Austria, mpandaji mmoja alianguka kwenye njia ya chuma na kamba zake zote mbili zikakatika, akafariki dunia. Baada ya hapo watengenezaji kadhaa waliwataka wateja wazirudishe kamba zao za mikono ya kuvutika. Jambo kama hilo mpandaji wa Nairobi anayeazima kifaa kwa rafiki ya rafiki atalijuaje, isipokuwa awe na mtu ambaye kazi yake ni kulijua?

Safari ya kupanda kupitia Naro Moru sitaieleza sana, kwa kuwa wengi wameieleza. Kuna lango, kuna msitu wa mianzi, kuna kituo cha hali ya hewa kwenye mita 3,050, halafu kuna ule mteremko wa matope na majani marefu ambao humchosha mtu mpaka akaulaani mlima mzima. Baada ya matope hayo bonde la Teleki hufunguka, mimea mirefu ya lobelia na senesio husimama pande zote, na vilele vya Batian na Nelion vinajitokeza mbele. Kambi ya Mackinder iko bondeni humo, mita 4,200.

Ni hapo kambini ndipo nilipoanza kuiona kazi ya Mzee kwa macho yangu. Watu wa Nairobi tuna imani kwamba kwa kuwa mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, mlima hautatusumbua. Ni kweli kwamba tunaanza safari tukiwa juu kuliko mtu wa Mombasa, lakini kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, shinikizo la hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya lile la pwani, na kila pumzi huingiza oksijeni kwa kiasi hicho hicho. Mwili unahitaji usiku kadhaa ili kuzoea, na njia ya Naro Moru hupandisha haraka kuliko njia nyingine za mlima huu. Mzee alituambia tangu Nairobi kwamba hatakubali kuiongoza safari bila siku moja ya mapumziko kambini, na kuna mmoja wetu aliyelalamika kuhusu gharama ya siku hiyo. Yeye alishikilia msimamo wake kwa upole, bila kubadilisha hata saa moja.

Jioni ya siku hiyo ya mapumziko alitupima mmoja mmoja. Alichora mstari mchangani kwa fimbo yake, akatutaka tutembee juu yake kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Ni kipimo chepesi, lakini ubongo unapoanza kuvimba kwa sababu ya mwinuko, mwendo huo ndio huharibika mapema. Dada yetu wa benki alitembea hatua nne, akayumba, akacheka, akajaribu tena, akayumba tena. Alikuwa ameficha maumivu ya kichwa tangu adhuhuri na hakuwa amekula. Mzee alimketisha juu ya jiwe, akamuuliza maswali machache kwa sauti ya chini, akaangalia midomo yake na kucha zake. Kisha akamwita msaidizi wake. "Dada, wewe na kijana wangu mtashuka sasa hivi, kabla giza halijaingia. Dawa ya ugonjwa huu ni kushuka. Mlima upo, hautahama." Dada alilia, nasi wengine tukajaribu kumtetea, tukisema labda asubuhi atakuwa sawa. Mzee hakubishana nasi. Alimfungia zipu ya jaketi kama mtoto wake, akampa chupa ya maji, akahakikisha tochi mbili zina betri, na katika muda mfupi walikuwa wameondoka. Usiku ule simu iliposhika mtandao kwenye jiwe fulani ambalo wapagazi wote wanalijua, tulisikia kwamba amefika kituo cha hali ya hewa, amekunywa uji, na kichwa kimeanza kutulia.

Waya wa chuma usingeweza kufanya uamuzi huo. Ungempokea dada yule kama unavyompokea mtu mwingine yeyote, na pengine angejikuta juu ya kipago, mikono imekufa ganzi, hajui karabina ipi imefungwa na ipi imefunguliwa.

Kesho yake tulipanda hadi kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790, kando ya barafu ya Lewis. Kibanda hicho nacho kina kisa ambacho kila anayelala humo anastahili kukijua. Mwezi Septemba 1970 madaktari wawili wa Austria walifika Batian, na walipoanza kushuka mmoja wao, Gert Judmaier, alianguka na kuvunjika vibaya mguu. Waokoaji wa Kenya walihangaika siku baada ya siku kumfikia na kumshusha, rubani wa helikopta iliyokuja kusaidia akafa helikopta yake ilipoanguka, na mwishowe kikosi cha waokoaji kilichosafiri kutoka Innsbruck, Austria, kikaungana nao kumteremsha akiwa hai. Kibanda kilijengwa baadaye kwa msaada wa Waaustria, kama shukrani. Mzee alitusimulia kisa hicho tukiwa tumejifunika mablanketi, na alipomaliza alisema tu kwamba mlima huu bado hauna gari la wagonjwa, hivyo tujihadhari.

Kisha akatufundisha. Hakutufundisha kwa maneno. Alifunga kamba ndefu kati ya mawe mawili nje ya kibanda, akaweka mafundo mahali pa vigingi, akatuambia tuvae glavu zetu nene, zile zile tutakazovaa alfajiri, na tupite. Karabina ya kwanza inavuka fundo na kufungwa, mlio wake unasikika, ndipo ya pili inapofuata. Haijalishi umechoka kiasi gani, hakuna nukta ambayo zote mbili ziko nje ya waya. Tulirudia hadi vidole vikajua. Halafu akazima tochi, akatutaka tufanye gizani. Halafu akaanza kutuzungumzisha makusudi, akiuliza habari za kazi na watoto, ili aone nani hupoteza mpangilio mawazo yakihamishwa. Nilikuwa nimejizoeza kwenye kuta za kupandia za Nairobi na kwenye miamba ya Lukenya, na hakuna aliyewahi kunifundisha kwa namna hiyo.

Vikundi vingi huondoka kibandani gizani kabisa ili jua liwakute kileleni, kwa sababu picha ya jua likichomoza juu ya Lenana ndiyo inayosambaa mitandaoni. Mzee alikataa. Alitoka nje usiku wa manane, akagusa nguzo ya kibanda kwa kiganja, akarudi na kusema kwamba kuna ukungu ulioganda kwenye kila chuma na kwamba tutaondoka tukiwa na hesabu ya kuufikia waya mwanga ukiwa umeanza kuonekana. Tuliwaona wengine wakipanda mbele yetu, tochi zao zikiwa mstari mmoja juu ya mgongo wa mlima, na nakiri niliwaonea wivu. Lakini jua lilipoanza kuchomoza upande wa kulia na kuipaka rangi barafu ya Lewis upande wa kushoto, tulikuwa chini ya waya, tumeketi, tunakunywa chai ya tangawizi, na ningeweza kuona kila kipago kilivyo.

Na vipago vilikuwa na barafu. Huo ndio ukweli ambao picha hazionyeshi. Juu ya kila chuma palikuwa na ganda jembamba, lisiloonekana mpaka uinamishe kichwa na kulitazama likiangaza. Mzee alitangulia, na kila alipofika kwenye kipago alikigonga kwa kisigino cha kiatu mara mbili tatu, ganda likapasuka na kumwagika chini kama vigae vya glasi. Kwenye waya wenyewe alipitisha kiganja chenye glavu kutoka kigingi hadi kigingi, akiusugua. Nilipoushika, baridi yake ilipenya glavu mbili na kuingia mfupani. Chini ya mguu wangu wa kushoto mwamba uliishia, na baada yake palikuwa na hewa hadi kwenye barafu.

Alitupa kanuni tatu tu. Mtu mmoja kati ya vigingi viwili, asizidi. Miguu ndiyo inayopanda, mikono inashikilia tu, kwa sababu mikono inayovuta waya huchoka kabla ya mlima kwisha. Na asiyesikia mlio wa karabina asisogee. Mwenzetu ambaye ndiye mwepesi kati ya tuliobaki alimfunga kwa kamba fupi kutoka kiunoni mwake, akawa anaivuta na kuilegeza taratibu kadiri alivyopanda, bila kamba kulegea hata mara moja. Nilikuwa nyuma yao, nikaona jinsi macho yake yalivyogawanyika: kiatu chake, kamba, uso wa anayemfuata, mawingu upande wa mashariki, halafu tena kiatu.

Sehemu ya kufundisha zaidi haikuwa kupanda bali kusubiri. Wale waliotangulia gizani walikuwa wameshapiga picha na sasa walikuwa wanashuka kwa waya huo huo, wakiwa na haraka na baridi, watu watatu wakining'inia kwenye kipande kimoja kati ya vigingi viwili. Mmoja hakuwa amejifunga kabisa. Alishika waya kwa mikono mitupu. Mwongozaji wao alikuwa mbele sana, hata hatukumwona. Hesabu yake ni nyepesi: mtu wa juu akianguka, atateleza na kuwagonga walio chini yake, na kigingi kimoja kitabeba uzito wa wote. Mzee alitusogeza kando kwenye ukingo mpana, akatufunga wote kwenye kigingi imara, akawaita wale watu kwa sauti ya upole. "Kaka, pole pole. Jifunge kwanza. Sisi hatuna haraka, tutawapisha." Alimwongoza kwa maneno yule asiyejifunga, hatua baada ya hatua, mpaka alipotufikia, kisha akamkagulia mkanda wake kana kwamba ni mteja wake mwenyewe. Tulisubiri hapo hadi vidole vya miguu vikaacha kuhisi. Hakuna aliyelalamika safari hii.

Kilele ni kidogo. Kuna bendera, kuna kibao, kuna nafasi ya watu wachache kusimama bila kusukumana. Batian na Nelion ziko mbele kabisa, zikitenganishwa na bonde dogo, na kusini kabisa, siku ile, Kilimanjaro ilionekana juu ya mawingu. Chini yetu ilikuwa barafu ya Lewis. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko vilele, kwa sababu Mzee alinionyesha kwa fimbo mahali ilipofika alipokuwa kijana, na palikuwa mbali sana na ukingo wake wa sasa. Kati ya mwaka 1934 na 2010 barafu hiyo ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Kwa mwongozaji hilo si habari ya magazetini. Mawe ambayo yalishikwa na barafu sasa yamelegea, njia ambazo baba zao walizipita haziaminiki tena, na kila msimu lazima ajifunze mlima upya.

Hatukukaa juu kwa muda niliotaka. Mzee alikuwa ameona mawingu yakianza kupanda kutoka upande wa Chogoria, na kwenye mlima huu mawingu hufika kabla ya adhuhuri siku nyingi. Waya mrefu wa chuma uliofungwa kwenye mgongo wa mlima ndiyo njia nzuri zaidi ya kusafirisha umeme wa radi, na ukiwa umejifunga kwake, huna mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo tulishuka. Kushuka kunataka uangalifu kuliko kupanda, kwa kuwa macho hayaoni kipago kinachofuata na akili imeshaanza kufikiria chakula. Mzee sasa alikaa juu, yaani nyuma yetu, ili kamba ya yule mwenzetu ishikwe kutoka juu, na alitutaka tuendelee kutaja kwa sauti kila karabina inapofungwa. "Moja. Mbili. Nenda." Tulikuwa tumefika kibandani, vifaa vimeshavuliwa, mvua ya mawe ilipoanza kupiga bati.

Bei aliyotutoza ilikuwa juu kuliko zote tulizotajiwa, na najua ilikwenda wapi, kwa kuwa alituonyesha. Kulikuwa na siku ya mapumziko. Kulikuwa na msaidizi aliyelipwa kikamilifu, ambaye bila yeye dada yetu asingeshuka usiku ule, au sote tungelazimika kurudi pamoja naye. Kulikuwa na wapagazi waliokuwa na viatu vya kweli na jaketi za mvua, ambao mizigo yao ilipimwa kwa mizani mbele yetu pale langoni. Mwongozaji anayekuja kwa nusu ya bei hiyo ameviondoa vitu hivyo mahali fulani, na ni haki yako kumuuliza ameviondoa wapi. Muulize pia ana msaidizi au yuko peke yake, atafanya nini mmoja wenu akiumwa na wengine wakiwa wazima, kamba zake zilitengenezwa mwaka gani, na ni saa ngapi atageuka hata kama kilele kinaonekana. Mwongozaji mzuri hujibu maswali hayo bila kukasirika; wangu aliyajibu mengi kabla sijayauliza.

Dada yetu wa benki ameshampigia simu. Wamekubaliana iwe Januari au Februari, wakati mlima huwa mkavu, na safari hii watapitia njia ya Sirimon, ambako mwinuko huongezeka taratibu zaidi, wakilala usiku wa ziada kabla ya kuugusa waya. Ameshanunua kamba mpya, akanitumia picha ya kitambulisho chake, nami nikaipeleka kwa Mzee aikague.